Programu ya chinichini ijibu vipi inapoulizwa hali yake

Programu inayofanya kazi chinichini kwa miezi mfululizo haina dirisha wala kitufe, na hata aliyeiandika huweza kuisahau mpaka siku itakapoacha kutimiza wajibu wake. Kwa sababu hiyo, kuamua namna ya kuichungulia ikiwa kazini ni jambo zito kuliko linavyochukuliwa, na mara nyingi huamuliwa mwishoni kabisa, kwa kupokea chochote ambacho maktaba fulani ya programu inakitoa bure. Nimelitafakari sana suala hili kwa ajili ya programu moja ninayoitunza, nami nimefikia msimamo ambao ningependa kuutetea hapa: kiolesura cha ufuatiliaji kichaguliwe kwa kuangalia kitasema nini programu ikiwa imekwama. Namna kinavyopendeza wakati mambo yote yanakwenda sawa ni jambo la baadaye.

Programu yenyewe ni ya kawaida. Chama cha akiba na mikopo, SACCOS kama tunavyoviita Tanzania, kina wanachama wanaopaswa kukumbushwa marejesho ya mikopo yao kwa meseji. Programu inasoma orodha ya ukumbusho kutoka kwenye hifadhidata, inazipanga meseji katika foleni, kisha inazipeleka moja baada ya nyingine kwa Kannel, programu ya kupitishia meseji iliyo kwenye seva nyingine, nayo Kannel inazikabidhi kwa mitandao ya simu. Inafanya hivyo usiku na mchana kwenye kompyuta ndogo yenye Linux iliyomo ofisini mwa chama. Wanaotaka kujua hali yake ni watatu, na mahitaji yao hayafanani. Mhasibu anataka kujua kama meseji za leo zimekwenda. Mimi nataka kujua imesimama wapi na kwa nini, na mara nyingi ninauliza nikiwa safarini, kwa simu, kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kwenye mtandao unaokatikakatika. Wa tatu si mtu: ni kompyuta nyingine inayopaswa kupiga kengele wakati sisi wawili tumelala.

Njia ambayo wengi huanza nayo ni kuiacha programu iandike hali yake kwenye terminali, yaani dirisha la amri za maandishi, ndani ya screen au tmux, programu zinazoiacha terminali hai hata mtu akiondoka, ili mtu akiingia kwenye seva aifungue na kutazama. Njia hii ina uzuri wake, kwa kuwa haihitaji kuandika chochote cha ziada, na ipo mifano inayoheshimika. rTorrent, programu ya kupakua mafaili ya BitTorrent, imetumiwa hivyo kwa miaka mingi, skrini yake ya maandishi ikiwa ndiyo programu yenyewe. Tatizo ni kwamba mtazamaji na kazi wamefungwa kamba moja. Mtu akibonyeza Ctrl na S kwenye terminali hiyo kwa bahati mbaya, maandishi yanasimama, na programu itakapojaza nafasi ndogo iliyopo kati yake na terminali, nayo itasimama ikisubiri ruhusa ya kuandika, mpaka atakapotokea mtu wa kubonyeza Ctrl na Q. Kitendo cha kutazama kinakuwa na uwezo wa kusimamisha kazi inayotazamwa, na hilo pekee linatosha kunifanya niikatae njia hii kwa programu ambayo watu wanaitegemea.

Linganisha na Transmission, ambayo nayo ni ya BitTorrent. Kazi yenyewe hufanywa na transmission-daemon, isiyo na skrini yoyote, na anayetaka kujua hali yake anaiuliza kupitia poti ya 9091, yaani mlango wake wa mtandao. Ukurasa wa wavuti, amri ya transmission-remote na programu za dirishani zinazounganishwa kutoka kompyuta nyingine zote huuliza kwa lugha ileile moja. Dirisha likifungwa, kazi haina habari. Mgawanyo huo ndio ninaouona kuwa msingi wa mengine yote: programu ijue kujibu swali, na sura ya jibu iwe kazi ya programu nyingine.

Faili la kumbukumbu za matukio, ambalo wengi wetu tunaliita logi, ni la lazima, lakini halijibu swali la sasa. Logi ni historia. Ukiisoma na kukuta mstari wa mwisho uliandikwa saa 2 zilizopita, huwezi kujua kama programu imekwama, au haina kazi ya kufanya, au diski imejaa na mistari iliyofuata imepotea. Uwezekano huo wa mwisho ni muhimu zaidi kuliko unavyoonekana, kwa sababu diski iliyojaa ni miongoni mwa mambo yanayoangusha programu za aina hii, na njia ya taarifa inayohitaji nafasi ya diski huanguka pamoja nazo. Logi ibaki kwa ajili ya kuchunguza kilichotokea baada ya tukio.

Zipo pia ishara za Unix, yaani taarifa fupi zinazopelekwa kwa programu kupitia mfumo endeshi, ambazo nimeona watu wakizipenda kwa wepesi wake. Amri ya dd ya GNU, ikipokea ishara ya USR1, huandika kiasi cha data kilichokwisha kunakiliwa kisha huendelea na kazi. Kwenye mifumo ya BSD na macOS, Ctrl na T hutuma ishara ya INFO yenye kusudi hilohilo, ambayo Linux haina. Kwa programu ya dakika 10 hilo linatosha. Kwa programu ya miezi kuna kasoro mbili. Kwanza, ishara haina njia ya kurudisha jibu: anayeuliza anauliza hapa, na jibu linaandikwa pengine kabisa. Pili, programu ambayo haikujiandaa kuipokea USR1 huuawa nayo, kwa kuwa ndivyo mfumo endeshi unavyofanya pasipo maelekezo mengine. Ukikosea namba ya mchakato, yaani ya programu iliyo kazini, umeua programu ya mtu kwa kuuliza hali. Watunzaji wa dd wenyewe waliongeza chaguo la status=progress katika toleo la 8.24 la coreutils, kifurushi chenye dd, mwaka 2015, nami nadhani watu wachache sana wanaikumbuka USR1 leo.

Kabla ya kufika kwenye njia ninazozikubali, ni lazima nikae kidogo kwenye swali lililo chini ya njia zote, kwa sababu ukilikosea, hakuna kiolesura kitakachokuokoa. Swali hilo ni: tunauliza nini hasa? Maswali ya ufuatiliaji mengi huuliza kama programu ipo. Faili la namba ya mchakato linauliza hivyo. Hati (script) inayotuma kill -0, amri inayoangalia tu kama mchakato upo, inauliza hivyo. ZooKeeper, mfumo unaotumiwa kuratibu seva nyingi, ina amri ya herufi 4, ruok, ambayo hujibiwa imok, yaani niko sawa. Na waandishi wake walikuwa waaminifu kuandika katika maelezo yao kwamba jibu hilo halimaanishi kuwa seva imejiunga na kundi la wenzake, ila tu kwamba mchakato upo na umeshika poti yake. Mlango wa duka kuwa wazi si ushahidi kwamba muuzaji yuko macho.

Kinachotakiwa ni ushahidi wa kwamba kazi inasonga, na hapa ndipo muundo wa ndani wa programu unapoingia. Programu nyingi huwa na uzi (thread) mmoja, yaani mkondo wa utekelezaji ndani ya programu, unaofanya kazi na uzi mwingine unaojibu maswali. Ukiziacha nyuzi hizo mbili zikitumia kufuli moja (lock) kulinda data, ambalo uzi mmoja tu huweza kulishika kwa wakati mmoja, siku uzi wa kazi utakapokwama ukiwa umeshika kufuli, uzi wa majibu nao utasubiri, na utakosa jibu wakati uleule unapolihitaji. Ukizitenganisha kabisa, unapata ugonjwa wa upande wa pili: uzi wa majibu utasema kila kitu ni salama kwa wiki nzima huku mwenzake akiwa amekufa, kwa kuwa haumjui. Nimeona mifumo ya aina hii ya pili, na kwangu mimi ndiyo mibaya zaidi, maana kimya humtia mtu wasiwasi lakini jibu la uongo humlaza usingizi.

Suluhisho ninalolitumia ni kwamba uzi wa kazi wenyewe, kila unapoanza hatua, huandika mahali maalumu kwenye RAM jina la hatua na wakati ulipoianza, bila kufuli, na uzi wa majibu husoma tu yaliyoandikwa na kupiga hesabu ya umri wake. Jibu halisemi kuwa hali ni nzuri au mbaya. Linasema: hatua ya sasa ni kusubiri jibu la Kannel, imeanza sekunde 4 zilizopita. Sekunde 4 hazimsumbui mtu, sekunde 4,000 zinasema kila kitu, na uzi wa majibu haukulazimika kujua lolote kuhusu kazi yenyewe.

Umri wa hatua peke yake hautoshi, kwa sababu programu ya meseji ina saa nyingi za kukaa bure. Usiku hakuna ukumbusho unaotumwa, hivyo ukipiga kengele kila inapopita saa moja bila meseji kwenda, utaamshwa kila usiku mpaka utakapoizima kengele hiyo, na hapo utakuwa umerudi ulikoanzia. Kwa hiyo programu hutoa nyakati tatu tofauti: mara ya mwisho ilipoangalia foleni, mara ya mwisho ilipokamilisha meseji, na umri wa meseji kongwe kuliko zote inayosubiri. Ya kwanza inapaswa kuwa ndogo daima, usiku na mchana. Ya pili inaweza kukua bila madhara. Ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko vipimo vingine vyote, kwa kuwa ndicho kipimo pekee kinacholingana na malalamiko ya mwanachama: foleni ikiwa tupu, haina thamani na hakuna wa kulalamika, foleni ikiwa na meseji 3,000 zinazokwenda haraka, umri ni mdogo, foleni ikiwa na meseji moja tu iliyosubiri tangu asubuhi, umri ni mkubwa na kuna mtu hakukumbushwa. Idadi ya zilizomo kwenye foleni, ambayo ndiyo watu hukimbilia kuichora kwenye grafu, haiwezi kutofautisha hali hizo.

Sasa kuhusu mahali pa kuulizia. Chaguo lililozoeleka siku hizi ni kuiwekea programu ukurasa wake wa HTTP. Kwa seva za wavuti, Apache ina mod_status na nginx ina stub_status, na Kannel, mradi huria ulioanzishwa Ufini mwaka 1999, huonyesha hali yake kupitia poti ya usimamizi, ambayo kwa kawaida ni 13000, ikitaja imewaka kwa muda gani, meseji ngapi zimepokelewa, kutumwa na kubaki kwenye foleni, na kila muunganisho wa mtandao wa simu uko hewani au la. Jambo ninalolipenda kwa Kannel ni kwamba hali hiyohiyo hupatikana kwa sura kadhaa kulingana na unavyomalizia anwani: status.txt kwa mtu aliye kwenye terminali, status.xml kwa programu nyingine, status.html kwa kivinjari, na hata status.wml kwa simu za enzi ya WAP. Waliouunda mradi ule walikuwa wamekwisha elewa kwamba wanaouliza ni wa aina nyingi. Tena waliweka nenosiri moja la kusoma hali na jingine la kutoa amri za kusimamisha au kuzima, jambo ambalo programu nyingi za baadaye zimelisahau. Anayechungulia asiwe na mkono wa kuzima. HAProxy, inayogawa maombi kwa seva kadhaa, inafanya vivyo hivyo kwenye soketi yake, yaani mahali inapopokelea maswali, ikiwa na ngazi tatu za ruhusa: user, operator na admin.

Pamoja na hayo sikuiwekea programu yangu HTTP. Poti ikishafunguliwa inakuwa mali ya kila anayeweza kuifikia, na uzoefu wa dunia katika jambo hili ni mchungu. Memcached, inayohifadhi data kwa muda kwenye RAM, hujibu amri yake ya stats kupitia poti ileile ya 11211 inayotolea huduma, na seva nyingi ziliachwa zikiisikiliza poti hiyo kwa UDP, itifaki isiyothibitisha anwani ya mtumaji, mbele ya intaneti nzima. Tarehe 28 Februari 2018 washambuliaji walizitumia seva za namna hiyo kwa kuzipelekea maombi madogo yenye anwani ya mtumaji ya kughushi, nazo zikamwaga majibu makubwa juu ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, kwa kasi iliyofikia terabiti 1.35 kwa sekunde. Toleo la 1.5.6 la Memcached likaja na UDP ikiwa imezimwa tangu mwanzo. Programu yangu ni ndogo na haina wa kuishambulia kwa kiwango hicho, lakini inashika majina na namba za simu za watu na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hata kama isingekuwepo, sioni haki ya kuweka mlango mpya kwenye nyumba yenye taarifa hizo kwa ajili ya urahisi wangu mimi. Kwa sababu hiyohiyo jibu la hali halitaji namba ya simu ya mtu yeyote. Linataja namba ya kazi kwenye foleni tu.

Nilichokichagua ni soketi ya Unix, yaani faili maalumu kwenye kompyuta hiyohiyo ambalo programu mbili huzungumza kupitia kwalo. Haifikiki kutoka nje. Ruhusa zake ni ruhusa za kawaida za faili, hivyo ninaweza kumruhusu mtumiaji wa kundi fulani na kumzuia mwingine bila kubuni nenosiri. Linux humwezesha anayejibu kujua kwa hakika ni mtumiaji gani anayeuliza. Nami nikiwa mbali, SSH tayari inanifikisha pale, na uthibitisho wake wa funguo ni bora kuliko chochote ambacho ningekiandika mwenyewe. Fail2ban, inayozuia wanaojaribu kuingia kwa nguvu, hutumia njia hiyo kati ya mteja wake na programu ya chinichini, na chrony, inayosawazisha saa ya kompyuta, hufanya hivyo kwa amri zinazotolewa kwenye mashine yenyewe.

Kwenye soketi hiyo programu hujibu kwa maandishi, kila mstari ukiwa na jina, alama ya nukta mbili na thamani. Mistari haizidi ile inayoenea kwenye skrini ya simu, na mtandao ukiwa dhaifu bado inafika. Anayeandika hati ya kuisoma nimemwekea sharti moja: asome kwa jina la mstari, kamwe asitegemee nafasi yake. Linux yenyewe iliingiza mstari wa MemAvailable katika faili la /proc/meminfo, linaloonyesha hali ya RAM, kuanzia toleo la 3.14 la mwaka 2014, na iliuweka wa tatu, mbele ya Buffers. Hati iliyokuwa ikichukua mstari wa tatu kwa kuhesabu ilianza kusoma kitu kingine bila kosa lolote kuonekana. Mimi nami nitaongeza mistari, lakini sitabadilisha maana ya jina lililokwisha kutolewa.

Suala la wakati lilinichukua muda kuliko nilivyotarajia. Kompyuta hiyo ya ofisini iko katika UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Mhasibu akiona saa 4:10 anaelewa saa nne na dakika kumi za asubuhi, ilhali kompyuta inamaanisha alfajiri. Tena kompyuta ndogo nyingi, zikiwemo Raspberry Pi zilizotangulia Pi 5, hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika, hivyo huamka zikiamini wakati wa zamani mpaka zitakapoupata wakati sahihi kutoka kwenye mtandao. Kwa hiyo jibu hutoa umri badala ya saa: dakika 12 zilizopita ni dakika 12 kwa kila msomaji. Umri wa hatua na wa kukagua foleni hupimwa kwa saa ya ndani ya keneli (kiini cha mfumo endeshi) inayokwenda mbele tu, CLOCK_MONOTONIC, ili marekebisho ya saa ya ukutani yasizalishe umri hasi wala wa miaka 50. Umri wa meseji kongwe hauwezi kupimwa hivyo, kwa kuwa unavuka kuwashwa upya kwa kompyuta. Huo hupimwa kwa saa ya hifadhidata, na programu haianzi kutuma chochote kabla saa ya kompyuta haijasawazishwa.

Mhasibu hatumii soketi, bila shaka. Yeye ana ukurasa wa wavuti kwenye mtandao wa ndani ya ofisi, unaotengenezwa na programu nyingine ndogo inayoiuliza soketi na kuandika sentensi mbili za Kiswahili kuhusu meseji za leo. Ukurasa huo ukiharibika, meseji zinaendelea kwenda. Ukurasa ukikosa jibu kutoka kwenye soketi, unaandika kwamba programu haijibu, na hauonyeshi kamwe takwimu za awali kana kwamba ni za sasa. Ningemsihi yeyote anayeandika ukurasa wa namna hii asilegeze kamba hapo.

Kwa kuwa kompyuta inaendeshwa na systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia nyingine, nilitumia pia kile ambacho systemd inakitoa. Programu ikisajiliwa kwa Type=notify inaweza kutuma kwa systemd neno READY=1 inapokuwa tayari kweli, mstari wa STATUS= unaoonekana mtu anapoandika systemctl status, na WATCHDOG=1 mara kwa mara kuthibitisha kwamba iko hai; ikipita muda uliowekwa katika WatchdogSec bila uthibitisho, systemd huiua na, ikiwa imeelekezwa hivyo, huianzisha upya. Thamani ya mpango huu inategemea kabisa uthibitisho unatumwa kutoka wapi. Nimeona mifano ambayo uzi wa pembeni wenye kipima muda unatuma WATCHDOG=1 kila baada ya sekunde kadhaa, na huo unathibitisha tu kwamba kipima muda kinafanya kazi. Utumwe kutoka ndani ya mzunguko wa kazi yenyewe, na muda wa kikomo uwe mrefu kuliko hatua ndefu kuliko zote iliyo halali. Kwangu ombi moja kwa Kannel huachwa baada ya sekunde 30, kwa hiyo nimeweka WatchdogSec kuwa sekunde 120.

SNMP niliipita haraka. Ni itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao, ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa swichi na vifaa vya kulinda umeme bado ndiyo lugha ya kawaida, lakini kuandika MIB, orodha rasmi ya vipimo, kwa ajili ya programu moja ya ofisi ni kazi kubwa kuliko faida yake. Prometheus, mfumo wa kukusanya vipimo ulioanzia SoundCloud mwaka 2012, inafaa zaidi, na kama tayari unayo kwenye mtandao wako huna haja hata ya kufungua poti mpya: programu inaandika vipimo vyake katika faili la muda, inalibadilisha jina ili msomaji asikute faili nusu, na node_exporter, msaidizi wake kwenye kompyuta hiyo, inalisoma na kulitoa pamoja na vipimo vya kompyuta nzima. Pamoja nayo hutolewa pia wakati faili lilipoandikwa mara ya mwisho, hivyo faili lililokufa hujulikana.

Lakini Prometheus iliyo katika chumba kilekile haitasema lolote umeme wa ofisi ukikatika. Hapa lazima awepo msikilizaji wa nje, na ofisi nyingi hazina anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje, kwa hiyo yeye hawezi kuja kuuliza. Ofisi ndiyo imtumie salamu, naye aichukulie salamu iliyokosekana kuwa ni habari mbaya. Salamu yangu hutumwa na hati inayoiuliza soketi kwanza, na haitumwi kabisa ikiwa umri wa kukagua foleni au wa meseji kongwe umepita kikomo. Msikilizaji naye ananijulisha kwa barua pepe na Telegram, si kwa meseji, kwa kuwa meseji zangu zote hupitia Kannel ileile ninayotaka kujua kama imeanguka.

Baada ya kuyaweka yote haya niliitia ugonjwa programu kwa makusudi kwenye mashine ya majaribio, na ningependekeza kila mtu afanye hivyo kabla ya kuamini chaguo lake. Nilituma kill -STOP, ambayo huigandisha programu pale ilipo. Faili la namba ya mchakato liliendelea kusema ipo. Logi ilinyamaza bila kulalamika. Soketi ilikubali muunganisho vizuri kabisa, kwa sababu anayepokea miunganisho mipya ni keneli, ambayo huiweka kwenye foleni kwa niaba ya programu. Kilichokosekana ni jibu. Hati yoyote inayoridhika na kuunganishwa ingetangaza uzima, na hati isiyo na kikomo cha kusubiri ingeganda pamoja na mgonjwa. Yangu husubiri sekunde 5. systemd, ilipokosa uthibitisho, iliiua na kuianzisha upya ilivyotarajiwa.

Jaribio la pili lilikuwa kuikata njia ya kwenda kwa Kannel kwa kanuni ya DROP ya iptables (kichujio cha mtandao cha Linux), ambayo hutupa pakiti bila kutoa jibu, tofauti na REJECT inayomwambia mtumaji mara moja kwamba amekataliwa. Mtandao mbovu wa kweli hufanana zaidi na DROP. Hapa programu haikuuawa, na haikustahili kuuawa. Iliendelea kujaribu na kuacha kila baada ya sekunde 30, ikithibitisha uzima wake kila mzunguko, ikijibu kwenye soketi kwamba inasubiri Kannel, huku umri wa meseji kongwe ukipanda dakika kwa dakika mpaka ulipovuka kikomo na salamu ikakoma. Kuianzisha upya kusingeleta nafuu yoyote, kwa kuwa tatizo lilikuwa njiani, na taarifa iliyonifikia kwenye simu ilinitaka niiangalie njia.